Jinsi ya Kusanifu Fleti za Mapumziko Zinazofikika kwa Miguu Pwani ya Mashariki ya Unguja

Mgeni anayefika Mji Mkongwe wa Zanzibar hutembea vichochoroni saa nzima bila kulalamika, na jioni huyasimulia matembezi hayo kuwa ndiyo sehemu bora ya safari yake. Mgeni huyohuyo akihamia kwenye fleti za mapumziko za pwani ya mashariki, iwe Paje, Jambiani au Matemwe, mara nyingi huteremshwa mbele ya mlango wake juu ya uwanja wa kokoto uliojaa magari, na kutoka hapo mpaka ufukweni hana pa kupita isipokuwa kati ya magari hayo. Ardhi ipo ya kutosha; kasoro ni kwamba mchoro wa kwanza uliowekwa mezani ulikuwa wa maegesho, na nyumba zikapangwa katika nafasi iliyobaki.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Unaanza na njia ya miguu, kisha unapanga nyumba kandokando yake, na mwisho unampa kila mpangaji mahali pake pa nje ambapo hatazamwi na mtu. Ili hesabu zieleweke, nitatumia kiwanja cha mfano chenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 150, kikiwa na barabara upande wa magharibi na bahari upande wa mashariki, umbo ambalo ni la kawaida sana katika pwani hii. Lengo ni fleti 24 katika majengo 12 ya ghorofa moja, yaani fleti moja chini na nyingine juu.

Hatua ya kwanza: kitembee kiwanja kabla ya kukichora

Nenda kiwanjani alfajiri, saa nane mchana na usiku, na ikiwezekana nenda mara mbili kwa mwaka, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Andika upepo unatoka wapi, maji ya mvua yanatuama wapi, na mti gani una kivuli cha kufaa kukaliwa. Mti mkubwa uliopo tayari una thamani kuliko miche 50 utakayoipanda baadaye, kwa hiyo upime na uuweke kwenye ramani kama unavyoiweka nguzo ya mpaka.

Jambo la pili la kuandika ni njia za wanakijiji. Viwanja vingi vya pwani hii hukatwa na vijia ambavyo wavuvi wamevitumia miaka mingi kushukia majini, na ambavyo wakulima wa mwani, wengi wao wakiwa wanawake, huvipita siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mashamba yao kubaki wazi. Kuziba kijia cha namna hiyo ni kuanzisha ugomvi utakaodumu kuliko jengo lenyewe. Kipe mita 2 pembeni mwa kiwanja, nje ya ukuta wako, kabla hujachora kitu kingine chochote. Katika kiwanja cha mfano mita hizo zitatoka katika ukanda wa huduma wa upande mmoja, ambao nitaueleza mbele.

Kuhusu umbali wa kujenga kutoka baharini, usitegemee maneno ya dalali. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, kwa hiyo pata jibu la maandishi kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar na Kamisheni ya Ardhi. Katika mfano huu nimeacha mita 30 za upande wa bahari bila jengo lolote, na ukiambiwa uache zaidi, punguza majengo mawili badala ya kubana njia.

Hatua ya pili: lisimamishe gari barabarani

Tenga mita 25 za mwanzo, upande wa barabara, kwa ajili ya lango, maegesho, ofisi ya mapokezi na chumba cha taka. Hapo ndipo gari la mgeni, teksi na bajaji zinapoishia. Wawekezaji huogopa hatua hii kuliko zote, wakidhani mgeni hatakubali kutembea, na dawa ya hofu hiyo ni hesabu. Mtu mzima anayetembea taratibu hukata karibu mita 80 kwa dakika. Katika kiwanja chetu, baada ya kuondoa maegesho na ukanda wa bahari, zinabaki mita 95, kwa hiyo mlango wa mbali kabisa uko mwendo wa dakika moja na robo kutoka kwenye gari.

Kinachomchosha mgeni ni begi. Magurudumu madogo ya begi huzama kwenye mchanga na hukwama kwenye kokoto, na mama mwenye mtoto mgongoni na mabegi mawili hataisahau njia ya namna hiyo. Weka toroli langoni, zenye matairi mapana ya upepo, na chumba cha kuzihifadhia kiwe kwenye ramani, la sivyo zitaegeshwa njiani.

Magari mawili hayawezi kuachwa barabarani, nayo ni la zimamoto na la wagonjwa. Njia kuu ya miguu itakuwa na upana wa mita 3 uliosakafiwa, lakini acha kila upande nusu mita isiyo na nguzo, ngazi wala kitofali cha bustani, ili gari kubwa lipate mita 4 siku ya dharura. Vigingi vya kuzuia magari mengine viwe vya kung'olewa, na ufunguo wake ukae kwa mlinzi. Kama utaezeka makuti, jambo hili si la kufanyia mzaha, kwa kuwa cheche moja katika siku ya kusi hurukia paa la jirani kabla ya ndoo ya kwanza kujazwa.

Hatua ya tatu: chora njia kama unavyochora chumba

Sasa gawa upana wa kiwanja. Katikati pita njia kuu ya mita 3. Kila upande zinabaki mita 18.5, ambazo nazigawa hivi: kibaraza mita 1.5, nyumba mita 9, ua wa nyuma mita 5, na mita 3 za ukanda wa huduma kando ya mpaka. Ukanda huo wa nyuma ndio siri ya utulivu wa njia ya mbele, kwa sababu mashuka ya dobi, mitungi ya gesi, taka na fundi wa bomba hupita huko, na mgeni anayekunywa chai barazani hakatishwi na toroli la nguo chafu. Upande wenye kijia cha wanakijiji, ukanda wa huduma utabaki na mita 1, kwa hiyo kata mita 1 ya ua ili toroli lipite kwa raha.

Usiichore njia kuu ikiwa imenyooka kama rula kutoka lango hadi bahari. Njia iliyonyooka huleta upepo wenye mchanga, na humfanya anayetembea aone mwisho wa safari tangu hatua ya kwanza, jambo linalofanya mita 95 zionekane 200. Ipinde mara mbili, kila pindo likisogea mita 2 au 3 tu, na penye pindo panua njia iwe kiwanja kidogo chenye mti na viti vya mawe. Nafasi ya kupinda utaipata kwa kupunguza ua wa upande mmoja na kuongeza wa upande mwingine. Lamu ina somo hili katika kila mtaa, ambako mtu haoni zaidi ya nyumba tano mbele yake, na ambako ghorofa za wikio, zilizojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, humpa mpita njia hatua kumi za kivuli kabla ya kurudi juani. Wikio moja katikati ya njia yako litatosha, mradi liwe na kimo kinachopitisha gari la zimamoto.

Kuhusu kivuli, jua la Unguja lina tabia ambayo wachoraji wengi huisahau. Kisiwa kiko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini, na mwezi Desemba huwa upande wa kusini. Ukuta wa mita 6 ulio kaskazini mwa njia hutupa kivuli cha takriban mita 3.4 adhuhuri ya mwezi Juni, kiasi cha kufunika njia yako yote iwapo ukuta umesogea karibu. Mwezi Desemba ukuta wa kusini wenye kimo hichohicho hautoi hata mita 2. Maana yake ni kwamba kuta pekee hazitoshi, na miti inahitajika zaidi kwa ajili ya msimu wa kaskazi. Mwarobaini na mkwaju hufaa. Mkungu una kivuli kizuri sana, lakini uweke mbali na sakafu, kwani mizizi yake hunyanyua vitofali. Mnazi usiupande juu ya njia wala juu ya kiti, hata kama mteja anautaka kwa ajili ya picha.

Sakafu ya njia iwe ya rangi ya mchanga, wala isiwe nyeusi wala nyeupe pee. Jaribio lake halihitaji maabara: mwombe mkandarasi alaze mita moja ya kila aina anayopendekeza, kisha saa nane mchana vua viatu usimame juu yake ukihesabu mpaka kumi. Vitofali vyeusi vya saruji utaviruka ukiwa umefika tatu, na hapo utakumbuka kwamba watoto wanaotoka baharini hawavai viatu. Mteremko wa njia usizidi sentimita 5 kwa kila mita, na upande mmoja uinamishwe kidogo kuelekea mtaro.

Hatua ya nne: panga majengo yapate upepo na yakwepe jua la jioni

Kwa kuwa kiwanja kimelala mashariki hadi magharibi, kuta ndefu za majengo zitaelekea kaskazini na kusini zenyewe, na hiyo ni bahati. Kuta fupi za magharibi, zinazochomwa na jua la alasiri, zisiwe na dirisha kubwa. Kila jengo lina upana wa mita 12 kwenye njia, na kati ya jengo na jengo acha mita 4, ili kusi lifike safu ya kaskazini na kaskazi lifike safu ya kusini. Mianya ya upande mmoja isitazamane na ya upande wa pili, la sivyo upepo utapita moja kwa moja bila kuingia nyumbani mwa mtu.

Hatua ya tano: mpe kila mpangaji sehemu yake ya nje

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, na mimi mwenyewe nimewahi kuharibu. Miaka kadhaa iliyopita nilichora roshani zenye kina cha mita 1.1, nikijiridhisha kwamba kila fleti imepata sehemu ya nje. Nilipoutembelea mradi ule baada ya kukamilika, roshani zote nane zilikuwa na kitu kimoja tu, taulo zinazokauka. Kiti kiliingia, lakini mtu akikikalia magoti yaligusa kizuizi, na meza haikuwa na pa kukaa. Tangu hapo sichori roshani yenye kina chini ya mita 1.8, na pale familia inapotarajiwa kula nje naipa mita 2.4.

Anza na upande wa mbele, ambao ni wa faragha nusu. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ililitatua jambo hili kwa daka, yaani kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango, chenye viti vya mawe pande mbili, na baada yake tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, yenye pindo, ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione ndani. Chukua kanuni zote mbili. Sakafu ya daka inyanyue sentimita 45 juu ya njia, kwa ngazi tatu za sentimita 15. Macho ya mtu aliyekaa barazani yatakuwa karibu mita 1.65 juu ya njia, juu kidogo ya macho ya wengi wanaopita, na kwa sababu hiyo atasalimiana nao bila kujihisi ametazamwa kutoka juu. Kiti cha baraza kiwe na kimo cha sentimita 42 hadi 45 na kina cha nusu mita. Mlango wa ndani usikabili mlango wa nyumba ya ng'ambo; usogeze upande kwa mita 2 angalau.

Ngazi hizo tatu humzuia mtu wa kiti cha magurudumu, kwa hiyo angalau majengo mawili, yaliyo karibu na lango, yawe na njia ya mteremko. Kwa uwiano wa 1 kwa 12, kimo cha sentimita 45 kinahitaji urefu wa mita 5.4, ambao utaenea kandokando ya ukuta wa mbele bila kuingilia njia.

Upande wa nyuma ni ua, na huu ni wa faragha kamili. Mita 5 kwa 12 zinatosha meza ya watu sita, bafu la nje la kuogea baada ya bahari, kamba ya nguo iliyojificha, na mti mmoja. Ukuta wake uwe na kimo cha mita 1.9. Upande unaopigwa na kusi, robo ya juu ijengwe kwa matofali yenye matundu, kwa sababu ukuta mzima haupunguzi upepo, bali huurusha juu ukaanguka mezani. Faragha hii inagusa maisha ya kila siku ya kijiji kuliko wageni wengi wanavyofikiri. Mgeni anayetaka kuota jua akiwa na nguo ya kuogelea atafanya hivyo uani mwake bila kuwakera wazee wanaopita kwenda msikitini, na familia ya Kiislamu, iwe imetoka Dar es Salaam au Muscat, itapata mahali ambapo wanawake wake wanaweza kupunga upepo bila kujifunika. Ua mmoja huwafaa wote wawili, ilimradi uwe umefungika kweli.

Tatizo gumu ni fleti ya juu, kwa sababu roshani yake ikitazama nyuma, huutazama ua wa chini. Usijibu kwa kuweka pazia la makuti, ambalo litaoza mwaka wa tatu. Jibu ni vipimo. Tuseme sakafu ya roshani iko mita 3.2 juu ya ua. Jenga kizuizi cha ukuta mzima chenye kimo cha mita 1, na ndani yake sanduku la mimea lililojengwa lenye upana wa sentimita 60 na kimo hichohicho, ili mtu asiweze kuusogelea ukingo. Aliyesimama nyuma ya sanduku, macho yakiwa mita 1.6 juu ya sakafu, ataona bahari, miti na ukuta wa mbali wa ua, lakini hatamwona mtu aliyeketi chini ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukuta wa nyumba. Basi meza ya chini iweke ndani ya mita hizo tatu, na bafu la nje ulijenge hapohapo chini ya ukingo. Chora mstari huu wa macho kwenye karatasi kwa kila fleti, moja baada ya nyingine, kwa kuwa tofauti ya sentimita 20 katika kimo cha sakafu huubadilisha wote.

Ngazi ya fleti ya juu ianzie kwenye njia kuu na iwe na kijidaka chake chini, ili mpangaji wa juu naye awe na mlango wake mtaani. Akitumia ngazi ya pamoja iliyofichwa nyuma, atakuwa mpangaji wa daraja la pili, na bei itasema hivyo.

Hatua ya sita: maji yanayoingia na yanayotoka

Ardhi ya pwani hii ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, na shimo la maji taka lililochimbwa kiholela humwaga uchafu moja kwa moja kwenye maji ya visima vya kijiji na kwenye wangwa. Mtambo wa kusafisha maji taka uwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, upande wa barabara, na maji yaliyosafishwa yanyweshee miti ya njia. Mvua nayo ni mali: mvua ya milimita 50 juu ya mapaa yenye jumla ya mita za mraba 1,300 hutoa lita 65,000. Yapeleke tangini kupitia mitaro iliyofunikwa kwa vifuniko vyenye nyufa nyembamba, zisizonasa gurudumu la begi wala kisigino.

Hatua ya saba: taa

Taa za njia ziwe chini ya kiuno, zenye rangi ya manjano iliyokolea, zikimulika sakafu na si macho. Upande wa bahari zisionekane kabisa kutoka ufukweni, kwa kuwa vifaranga vya kasa huufuata mwanga na kupotea nchi kavu badala ya kwenda majini. Kila ngazi iwe na taa yake. Kwingineko giza kidogo halina ubaya.

Hatua ya nane: andika ni nani mwenye nini

Fleti zikiuzwa mojamoja, mipaka ya ua, daka, njia na ukanda wa huduma lazima ionekane kwenye hati. Zanzibar ina Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010, Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, na Kenya ilitunga mpya mwaka 2020. Ua uandikwe kuwa wa fleti ya chini peke yake. Njia na miti yake iwe ya wote, pamoja na ada ya kuifagia. Daka liwe la mwenye fleti, lakini kwa sharti kwamba haruhusiwi kuliziba kwa ukuta au vioo, maana akiziba mmoja, ndani ya miaka mitano mtaa mzima utakuwa umefunga milango.

Hatua ya tisa: ujenge mtaa kwa kamba

Kabla ya msingi kuchimbwa, nunua chokaa, kamba na vigingi, uweke mchoro wote ardhini kwa vipimo kamili. Hii ni kazi ya siku mbili kwa vibarua wanne. Kisha burura begi lililojaa kutoka langoni mpaka fleti ya mwisho. Weka kiti na meza ndani ya kila ua uliochorwa, ukae, na mwenzako apite njiani na mwingine asimame juu ya ngazi ya fundi kwenye kimo cha roshani, akiwa ameshika kipande cha mbao cha mita 1 kama kizuizi. Mwite mhudumu wa vyumba aliyewahi kufanya kazi hotelini, umwombe asukume toroli la mashuka kwenye ukanda wa nyuma na kona zake. Atakuonyesha penye kubana kabla hujamaliza kumweleza unachotaka. Rudia usiku ukiwa na tochi. Kigingi kinachohitaji kusogea kisogezwe hapohapo, kipimo kipya kiandikwe kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, na ramani hiyo yenye alama nyekundu ndiyo akabidhiwe mkandarasi.